SOMO LA WIKI: Pikipiki ya kilo 75 na thamani ya jina la zamani

MFANYABIASHARA anapouza kampuni yake, anauza nini hasa? Majengo yana bei, mashine zina bei, na mali iliyoko ghalani huhesabiwa. Lakini katika vitabu vya hesabu huwa kuna mstari mmoja unaozua ubishi mkubwa kuliko yote: thamani ya jina. Mwenye kampuni husema jina lake lina thamani ya mamilioni kwa sababu babu yake ndiye aliyelianzisha. Mnunuzi husema jina halijazi tumbo.

Suala hili limekuwa nasi tangu miaka ya ubinafsishaji, viwanda vingi vilipotafutiwa wabia kutoka nje. Wiki hii tunalitazama kwa mfano wa mbali kidogo, kiwanda cha pikipiki cha Montesa cha Barcelona, Hispania, na pikipiki yake iitwayo Cota 4RT. Ni pikipiki nyepesi yenye injini ya mapigo manne, na imetengenezwa kwa ajili ya mchezo mmoja tu. Soko lake ni dogo sana. Hata hivyo, historia yake inafundisha mengi kuhusu gharama, ubia na jina kuliko historia za makampuni makubwa mengi.

Mchezo usio wa mbio

Kwanza tuifahamu bidhaa yenyewe. Mchezo huo unaitwa trayali, na ulianzia Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mashindano ya siku sita ya Scotland, ambayo ni maarufu kuliko yote, yalianza mwaka 1909. Mshindi hapatikani kwa kasi. Washindani hupita mmoja mmoja katika vipande vya njia vilivyojaa mawe, matope, magogo na miinuko, huku mwamuzi akiangalia miguu yao. Anayegusa ardhi kwa mguu mara moja hupewa pointi 1 ya adhabu, mara mbili pointi 2, na mara tatu au zaidi pointi 3. Anayeanguka au kushindwa kumaliza kipande hupewa pointi 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Kwa hiyo pikipiki ya trayali haihitaji spidi. Haina kiti cha maana kwa sababu mwendeshaji husimama muda wote. Tangi lake huchukua lita chache tu za petroli. Inachohitaji ni wepesi, nguvu laini katika mwendo wa polepole, na tairi inayoshika jiwe bila kuteleza. Katika biashara hii kila kilo inayopunguzwa ni hoja ya kuuzia.

Waanzilishi wawili waachana

Montesa ilianzishwa mwaka 1944 na watu wawili wa Barcelona, Pere Permanyer na Francesc Xavier Bultó. Permanyer alikuwa mtu wa kiwanda na hesabu. Bultó alikuwa mtu wa pikipiki, mpenda mashindano. Hispania ya wakati huo ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, petroli ilikuwa adimu, na uingizaji wa bidhaa za nje ulikuwa umebanwa sana. Aliyeweza kutengeneza pikipiki ndogo isiyokunywa mafuta mengi hakukosa wateja.

Kampuni ilikua, ikaingia katika mashindano ya nje. Mwaka 1956, katika mbio za Isle of Man, pikipiki za Montesa zenye injini ya sentimita za ujazo 125 zilishika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne nyuma ya MV Agusta ya Italia. Kwa kiwanda cha nchi maskini, huo ulikuwa ushindi wa aina yake.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1957 gari dogo la SEAT 600 lilianza kutengenezwa Barcelona, na familia zilizokuwa zikinunua pikipiki zikaanza kuweka akiba ya kununua gari. Permanyer alipotazama vitabu vyake aliona kwamba timu ya mashindano inakula fedha bila kurudisha kitu kinachoonekana, akaamua kujitoa katika mbio. Bultó alipinga. Kwake yeye mashindano ndiyo yaliyokuwa tangazo, maabara na shule ya mafundi kwa pamoja. Mwaka 1958 akaondoka, na baadhi ya wafanyakazi wakamfuata. Wakaanzisha Bultaco, jina lililounganisha Bultó na Paco, jina lake la nyumbani.

Msomaji atambue kuwa hapa hakuna mjinga. Permanyer alikuwa na haki ya kulinda fedha za kampuni wakati soko linayumba. Bultó naye alikuwa na haki ya kuuliza, tukiacha kushindana, mteja atajuaje kuwa sisi ni bora? Mwanafunzi wa biashara analijua swali hilo vizuri: fedha hizi ni matumizi au ni uwekezaji? Vitabu vya hesabu vya mwaka mmoja haviwezi kulijibu.

Montesa bila Bultó haikufa. Mwaka 1962 vijana kadhaa wa Hispania walichukua pikipiki tatu za majaribio za kampuni hiyo, wakaanzia Cape Town, wakapanda bara letu kuelekea kaskazini kupitia Afrika Mashariki hadi wakafika kwao, safari ya karibu kilomita 20,000. Pikipiki iliyotokana na jaribio hilo, iliyobuniwa na Leopoldo Milá, ilipewa jina la Impala, yule mnyama ambaye sisi tunamwita swala pala. Kwa hiyo hata Permanyer, aliyekataa gharama za mbio, alijua kuwa pikipiki lazima ithibitishwe mahali ambapo watu wanaona.

Uzito ndio bei

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 trayali ilitawaliwa na pikipiki nzito za Kiingereza zenye injini za mapigo manne. Bingwa mkubwa wa enzi hizo, Sammy Miller wa Belfast, alikuwa akitumia Ariel ya sentimita za ujazo 500 yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, hata baada ya yeye mwenyewe kuikwangua na kuipunguza kila mahali.

Tofauti ya injini hizi ni rahisi kueleza. Injini ya mapigo manne huvuta hewa na petroli, huibana, huichoma, kisha hutoa moshi, na pistoni husafiri mara nne ili kupata mlipuko mmoja. Inahitaji valvu, mhimili wa kuzifungua na mnyororo wa kuuzungusha. Injini ya mapigo mawili humaliza kazi hiyo kwa safari mbili za pistoni na haina valvu za namna hiyo. Vipuri vyake ni vichache, uzito wake ni mdogo na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba oili huchomwa pamoja na petroli, na moshi wake ni mchafu.

Mwishoni mwa mwaka 1964 Bultó alimchukua Miller. Wakatengeneza Bultaco Sherpa T, pikipiki ya mapigo mawili yenye uzito wa chini ya kilo 100, na mwaka 1965 Miller akashinda mashindano ya Scotland. Soko likageuka kwa kipindi kifupi mno. Viwanda vya Kiingereza, vyenye majina ya zamani kuliko vyote, vikabaki na pikipiki ambazo hakuna aliyezitaka tena kwa mchezo huo. Hilo ni jibu la kwanza kwa wale wanaodhani jina la zamani linatosha. Ariel lilikuwa jina kubwa, lakini mteja alinunua wepesi.

Permanyer aliona mwenzake wa zamani akichota faida, naye akafuata. Mwaka 1968 Montesa ilitoa Cota 247, iliyoendelezwa na Pere Pi, mwendeshaji wa majaribio wa kampuni. Jina Cota kwa Kihispania ni alama ya kimo katika ramani ya milima. Kuanzia hapo Barcelona ikawa makao makuu ya trayali duniani, kwani Montesa, Bultaco na Ossa zilikuwa katika eneo moja, zikigombania mafundi wale wale na wateja wale wale. Mauzo yao yalifika Uingereza na Marekani. Mwaka 1980 Ulf Karlson wa Sweden akawa bingwa wa dunia akiwa na Montesa.

Ukuta wa soko wabomoka

Mwaka huo wa taji ulikuta kampuni katika hali mbaya. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 viwanda vya pikipiki vya Hispania vilikuwa vimekumbwa na migomo, mishahara iliyopanda, mauzo ya nje yaliyopungua na ushindani wa Wajapani. Kwa miaka mingi ushuru na vizuizi vya kuingiza bidhaa viliwakinga na Wajapani hao. Lakini Hispania ilikuwa njiani kuingia katika Jumuiya ya Ulaya, jambo lililokamilika Januari 1986, na kila mtu alijua kuwa ukuta ule hautadumu.

Ossa na Bultaco zilifunga milango katika miaka ya mwanzo ya 1980. Montesa ilipona kwa njia nyingine, kwa kuingia ubia na Honda ya Japani. Ubia ulianza kwa sehemu ndogo. Mwaka 1986 Honda ikanunua hisa nyingi zilizokuwa za familia ya Permanyer na kushika usukani wa kampuni.

Kwa Honda, kiwanda ndani ya Hispania kilikuwa mlango wa kuingilia soko lililofungwa, na baadaye soko zima la Ulaya. Huenda kwa mtazamo huo jina la Montesa lilikuwa jambo dogo. Wangeweza kulifuta na kuandika Honda kwenye kila tangi. Katika pikipiki za kawaida za barabarani hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini katika trayali jina Montesa lilibaki, na jina Cota pia. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Wateja wa trayali ni wachache, wanafahamiana, na wanarithishana mapenzi ya jina kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Kwao Montesa ilikuwa na maana ambayo Honda isingeweza kuinunua kwa matangazo.

Cota 4RT yaingia

Honda nayo ina urithi wake, na urithi huo ni mapigo manne. Msomaji anaukuta kila siku barabarani, kwani pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika miji yetu zina injini zinazofuata mpango wa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Katika trayali Honda ilishaonyesha kuwa mapigo manne hayajafa. Eddy Lejeune wa Ubelgiji alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1982, 1983 na 1984 akitumia Honda ya mapigo manne. Lakini baada yake, kuanzia 1985 hadi 2006, mataji yote 22 ya dunia yalichukuliwa na pikipiki za mapigo mawili, zikiwemo za Montesa yenyewe: Marc Colomer mwaka 1996, Dougie Lampkin mwaka 2000 hadi 2003, na Takahisa Fujinami mwaka 2004.

Sasa tazama uamuzi uliofuata. Kampuni imeshinda ubingwa mara tano mfululizo kwa injini ya mapigo mawili, kisha inaiacha. Kwa mwaka wa 2005 Montesa ilileta Cota 4RT, yenye injini ya mapigo manne ya ukubwa wa sentimita za ujazo 250 kasoro kidogo, inayopozwa kwa maji. Honda ilikuwa imeamua kuachana hatua kwa hatua na mapigo mawili kwa sababu ya sheria za moshi, na trayali haikusamehewa.

Kazi ya mafundi ilikuwa kuondoa uzito ambao mapigo manne huja nao. Fremu ilitengenezwa kwa alumini. Badala ya kabureta uliwekwa mfumo wa kupulizia petroli kwa umeme, lakini bila betri, kwani umeme wa kuwashia unatoka kwenye jenereta ndogo mwendeshaji anapopiga kiki. Matokeo yake ni pikipiki ya takriban kilo 75. Ukilinganisha na Ariel ya Miller, ni kama mwendeshaji ametua gunia zima la mkaa.

Sifa za injini hiyo ziliwafurahisha wengi. Nguvu yake inapanda polepole, tairi ya nyuma inashika ardhi, na ukiachia mafuta injini yenyewe inasaidia kufunga breki kwenye mteremko. Nchini Japani pikipiki hiyo hiyo iliuzwa kwa jina la Honda RTL250F. Kiwanda kimoja kilikuwa na majina mawili, kila jina likipelekwa mahali linapopendwa. Mhasibu anayetaka kujua thamani ya jina aanzie hapo.

Je, ni pikipiki au ni mwendeshaji?

Mwanzo haukuwa mtamu. Mwaka 2005 na 2006 taji lilikwenda kwa Adam Raga wa Gas Gas, pikipiki ya mapigo mawili. Bingwa Fujinami, aliyehamia kwenye Cota mpya, hakulipata tena hadi alipostaafu. Kampuni ya kukata tamaa ingerudi nyuma.

Mwaka 2007 Montesa ilimchukua kijana wa Catalonia, Toni Bou, akitokea Beta. Akashinda ubingwa wa dunia mwaka huo huo, kisha mwaka uliofuata, kisha kila mwaka bila kukosa. Hadi mwisho wa 2024 alikuwa na mataji 36: 18 ya mashindano ya nje na 18 ya ndani ya ukumbi, yote akiwa na pikipiki za kiwanda zilizotokana na Cota hiyo ya mapigo manne. Hakuna mwingine aliyewahi kuikaribia rekodi hiyo katika mchezo huo.

Je, mataji hayo yamethibitisha kuwa mapigo manne ni bora? Mfanyabiashara makini asikimbilie jibu. Watengenezaji wengine karibu wote wa trayali wamebaki na mapigo mawili, na wanauza. Mteja wa kawaida anayefanyia matengenezo gereji ya nyumbani anapenda injini rahisi asiyohitaji kupima valvu zake. Kama chombo peke yake kingetosha, Fujinami naye angeshinda tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa ni ya Bou.

Lakini hapa ndipo hesabu ya Bultó inapokuja kusomwa upya. Kampuni ambayo mwaka 1958 iliona mashindano ni hasara imeendelea kujulikana duniani kwa sababu mmiliki wake mpya alikubali kulipia timu ya mashindano mwaka baada ya mwaka. Nayo Bultaco, iliyoanzishwa kwa imani ya mashindano, ilifungwa kwa kukosa mtaji wa kuhimili soko lililofunguka. Bultó alikuwa na wazo sahihi bila mfuko wa kulibeba. Permanyer aliuza mfuko wake kwa mtu aliyeweza kulibeba wazo. Hasara yake ilikuwa kubwa, kwani familia ilipoteza kampuni. Faida ni kwamba Cota zimeendelea kutengenezwa Catalonia chini ya jina lake.

Swali la 1958 halijaisha. Mwaka 2024 Honda ilimtoa Fujinami katika ustaafu ili aendeshe pikipiki ya trayali ya umeme, RTL Electric, katika mashindano ya ubingwa wa Japani. Pikipiki hiyo haina mapigo manne wala mawili. Mtu aliyedhani urithi wa Montesa ni injini fulani itabidi afikiri upya.

Mafunzo kwa mfanyabiashara

Tumalizie kwa mambo manne ambayo msomaji anaweza kuyapima katika biashara yake, iwe kiwanda, duka la jumla au kampuni ya mabasi.

Kwanza, jina ni mali inayochakaa kama mashine. Lisipothibitishwa kila msimu mbele ya mteja, thamani yake hushuka hata kama lina miaka 80. Tenga fedha za kulithibitisha, na uziandike katika bajeti kwa jina lake halisi.

Pili, ushuru wa kukukinga ni muda uliokopeshwa. Viwanda vitatu vya Barcelona vilipewa ukuta ule ule. Ukuta ulipolegea, kilichopona ni kile kilichopata mbia kabla mali haijaisha. Mwenye kiwanda anayesubiri hadi mashine zisimame hana tena cha kuuza isipokuwa vyuma chakavu.

Tatu, unapoingia ubia, jadili hatima ya jina kwa uzito ule ule unaojadili bei ya hisa. Uliza litaandikwa kwenye bidhaa ipi, katika soko lipi, na nani atagharimia kulitangaza. Familia nyingi hupigania viti vya bodi na kusahau jambo hili.

Nne, tenganisha sifa ya chombo na sifa ya anayekitumia. Kama mauzo yako yanategemea fundi mmoja, dereva mmoja au muuzaji mmoja hodari, basi huyo ndiye mtaji wako, na siku atakapoondoka hesabu zitabadilika. Bou alizaliwa mwaka 1986, mwaka ule ule Honda ilipochukua hisa. Mhasibu wa Montesa hana budi kujiuliza jina litauzwaje siku bingwa huyo atakapotundika kofia yake.